Baga bila mkate: bakuli la viazi kwa mlo wa usiku wa watu sita

Shida ya baga za nyumbani ni foleni. Fraipani inabeba nyama mbili, tatu kwa kujibana. Watoto wanapewa kwanza, baba anafuata, na mpishi anakula wa mwisho akiwa amesimama jikoni, mkate umeshapoa na saladi imesinyaa. Bakuli hili linaondoa foleni. Vitu vya baga vipo vyote: nyama iliyokaangwa ikashika rangi, kitunguu, achari ya tango, nyanya, jibini na sosi ya rangi ya waridi. Mahali pa mkate tu ndipo pamekaa viazi, na nyumba nzima inakula kwa wakati mmoja.

Huko Marekani bakuli za namna hii hupendwa na watu wanaokwepa mkate ili wapungue. Sisi tunaorudisha viazi ndani hatuna haki ya kudai tunapungua, tunakula tu. Na kwa atakayeuliza, kama mama mkwe wangu alivyouliza mara ya kwanza huku kijiko kimesimama njiani: hapana mama, hamna nguruwe humu. Baga ni kifupi cha hamburger, na hiyo "ham" ya mwanzo ni ya Hamburg, mji wa Ujerumani. Nyama ni ya ng'ombe tupu.

Nimeharibu bakuli hili mara za kutosha kujua linapoharibikia. Ni kwenye maji. Viazi vina maji, nyama inatoa maji, nyanya inavuja, majani ya saladi yanadondosha, na sosi ikiwa nyepesi inateremka hadi chini. Kwenye baga, mkate hunyonya hayo yote. Hapa hakuna wa kunyonya. Aliyekula urojo wa Zanzibar anajua raha ya bakuli lenye kila kitu, viazi, bhajia, mishikaki na chatne, lakini urojo umekusudiwa kulowana. Hapa tunataka kinyume chake, kiazi kilie kikavu mdomoni. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kuyawahi maji kabla hayajafika kwenye viazi.

Mahitaji

- Viazi mviringo, kilo moja na nusu
- Nyama ya ng'ombe ya kusaga, robo tatu ya kilo
- Vitunguu maji 3
- Tango 1 refu
- Nyanya 3 ngumu
- Majani ya saladi, fungu moja (au robo ya kabichi changa)
- Jibini la cheddar, gramu 150
- Mayonezi vijiko 6 vya chakula, tomato sosi vijiko 2, haradali kijiko 1
- Siki nyeupe, kikombe kimoja kinatosha na kubaki
- Soya sosi, kijiko 1 cha chakula
- Ufuta, vijiko 2 vya chakula
- Mafuta ya kukaangia, lita 1
- Chumvi, sukari na pilipili manga

Sokoni na buchani

Viazi ndiyo nusu ya kazi. Unataka kiazi chenye wanga mwingi na maji machache, kile ambacho wauza chipsi hukigombania. Kiazi kichanga, ambacho ganda lake linabanduka ukikisugua kwa kidole gumba, kimejaa maji; ni kizuri kwenye mchuzi, si hapa. Kama muuzaji hana neno, mwombe akukatie kimoja, kisha sugua vile vipande viwili kimoja juu ya kingine. Ukiona povu jeupe zito na vipande vinataka kugandana, nunua. Ukiona majimaji tu, sogea meza ya pili. Viazi vingi vinavyofika masoko ya Dar es Salaam vinatoka Njombe na Mbeya, na ukipima kwa sado ni busara kumwaga na kutazama vya chini. Ukiwa Kenya utakutana zaidi na Shangi, ambayo huiva upesi, kwa hiyo punguza dakika mbili za kuchemsha, la sivyo utatoka na uji.

Kiazi chenye rangi ya kijani kata sehemu yote ya kijani kwa kina, na kama kijani kimezunguka kote kitupe. Ile sumu yake haiishi kwa kukaangwa. Na usiweke viazi kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na kiazi cha namna hiyo kinaungua nje kabla hakijakauka, tena kina utamu usioeleweka. Kapu lililo gizani, penye hewa, linatosha.

Buchani, usinunue nyama iliyokwisha kusagwa na kulala kwenye kioo. Chagua steki, mwombe aongeze kipande cha mafuta, aisage mbele yako. Kwa robo tatu ya kilo, mafuta ya ukubwa wa kiganja cha mtoto yanatosha. Wengine huona aibu kuomba mafuta, wanadhani watapunjwa. Bila hayo mafuta nyama inakuwa kama vumbi la mbao.

Halafu jambo ambalo wengi wetu tumelelewa nalo: nyama ya kusaga haioshwi. Najua, najua. Lakini ukiiosha inakunywa maji kama sifongo, na hakuna moto wa jikoni kwako utakaoyamaliza. Kama moyo haukubali, osha steki nzima nyumbani, ifute kwa kitambaa safi mpaka ikauke, ndipo uisage kwa mashine ya mkono au uikatekate kwa kisu kikali. Ipikwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Achari ya tango

Anza na hii kwa sababu inahitaji kukaa. Kata tango miduara myembamba, pamoja na nusu ya kitunguu. Nyunyizia kijiko cha chai cha chumvi, changanya, acha robo saa. Utakuta limelia maji bakuli zima. Likamue kwa mikono miwili bila huruma, mwaga maji hayo, kisha ongeza nusu kikombe cha siki na vijiko viwili vya chai vya sukari. Baada ya nusu saa lina ukali, linavunjika mdomoni, na ndiyo ladha inayomfanya mtu aseme "hii ni baga" hata akiwa amefumba macho. Achari ya embe ni tamu, lakini ina mafuta na viungo vyake, na itaiburuta sahani yote iende kwenye biriani.

Hatua ya 2: Viazi, moto wa kwanza

Menya na ukate vipande vya mraba vya kama sentimita mbili na nusu. Visiwe vidogo zaidi, vitavunjika; visiwe vikubwa, vitakuwa na ngozi kidogo na tumbo kubwa. Suuza mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, si maziwa.

Viweke kwenye sufuria na maji ya baridi, si ya moto. Ukitia kwenye maji yanayochemka, nje inaiva na kumomonyoka huku katikati pamebaki pagumu. Tia chumvi kijiko kimoja cha chakula na siki kijiko kimoja. Siki ndiyo inayofanya kiazi kishikane kisisambaratike. Yakishaanza kuchemka, hesabu dakika nane, kisha choma kimoja kwa ncha ya kisu. Kisu kinatakiwa kupita, ila ukikiinua kiazi kidondoke bila kukatika vipande viwili.

Chuja. Rudisha viazi kwenye sufuria ile ile yenye joto, bila maji, bila mfuniko, juu ya moto mdogo kwa dakika moja, kisha epua na uviache vitoe mvuke dakika tano. Huo mvuke unaouona ukipanda ni maji ambayo yangekuja kulainisha viazi vyako baadaye. Sasa funika na utikise sufuria mara nne, tano, kama mtu anayepepeta mchele kwa haraka. Ukifunua utaona kingo zimechakaa, zimepata unga unga kama ukuta uliopakwa chokaa vibaya. Ndivyo inavyotakiwa: kila mkwaruzo hapo utakuwa ukoko. Vitandaze kwenye sinia vipoe kabisa. Vinaweza kukaa hivyo saa mbili, na vinapendeza zaidi vikikaa.

Hatua ya 3: Sosi, nyanya na majani

Hizi zinakwenda haraka. Mayonezi, tomato sosi na haradali ndani ya bakuli dogo. Kwaruza kitunguu kipande kidogo, kikamue, tia. Katakata miduara minne ya ile achari ya tango, tia pamoja na kijiko kimoja cha chai cha siki yake. Pilipili manga. Koroga, onja. Isiwe nyepesi, ukiinua kijiko iteremke kwa uvivu. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi ni nzuri, ila kwa mlo wenye watoto wadogo au mama mjamzito mimi natumia ya chupa.

Nyanya zipasue katikati, toa mbegu na majimaji kwa kidole, kisha katakata nyama yake peke yake. Usitengeneze kachumbari ya kawaida. Kachumbari ni tamu pembeni ya pilau kwa sababu inavuja. Hapa kuvuja ndiyo kosa. Majani ya saladi yaoshe, yafunge ndani ya kitambaa, na umpe mtoto atoke nje akakizungushe hewani. Wangu hugombania kazi hiyo, na ukuta wa nyuma una alama za matone. Yakishakauka yakate nyuzi nyuzi.

Kaanga ufuta kwenye fraipani kavu, moto mdogo, mpaka utoe harufu na uanze kurukaruka. Ni ule ufuta wa juu ya mkate wa baga, nao una kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Hatua ya 4: Viazi, moto wa pili

Karai, mafuta ya kutosha viazi kuogelea, moto wa juu. Chovya ncha ya mwiko wa mti. Mapovu madogo yakiuzunguka kwa haraka mafuta yako tayari. Kama una kipimajoto, ni nyuzi 180. Gawa viazi mafungu matatu. Ukivimwaga vyote kwa pamoja mafuta yanapoa, viazi vinaanza kunywa mafuta badala ya kukaangika, na utapata vitu vilivyopauka vyenye uzito wa jiwe.

Viache dakika mbili za kwanza bila kugusa. Baadaye geuza mara moja moja mpaka viwe na rangi ya asali, jumla dakika sita au saba. Sikiliza pia: mwanzo karai inapiga kelele kwa sababu maji yanatoka; kelele zikipungua ujue maji yamekwisha na kiazi kiko tayari. Opoa kwenye chujio, nyunyizia chumvi hapo hapo vikiwa na mafuta.

Mwenye oveni anaweza kuvichanganya na robo kikombe cha mafuta, akavitandaza vikiwa mbalimbali kwenye trei na kuoka kwa nyuzi 220 dakika 35 hadi 40, akigeuza mara moja. Vinatoka vizuri na mafuta ni kidogo. Mimi nakaanga, kwa sababu oveni yangu na umeme wa mtaa wetu havijawahi kuelewana.

Sasa, hotpoti. Mkono wako utaifuata wenyewe, kwa sababu ndiyo mahali pa chakula cha moto. Usiweke viazi hivi kwenye hotpoti. Mara yangu ya kwanza nilikaanga kilo mbili za viazi vya kupendeza, nikavifungia humo nikisubiri mgeni aliyechelewa nusu saa. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni, mfuniko ulikuwa unadondosha kama paa la bafuni, na viazi vilikuwa laini vyote, vimejipikia upya kwa mvuke wao. Mgeni alikula kwa adabu. Viazi vya kukaanga vikae wazi, juu ya chujio, hata vikipoa kidogo. Kiazi kilichopoa na kukauka ni bora kuliko cha moto kilicholowa.

Hatua ya 5: Nyama

Fraipani nzito, moto mkali, mafuta kijiko kimoja. Isubiri mpaka ianze kutoa moshi mwembamba. Chukua nusu ya nyama, itandaze kama chapati nene, ibonyeze kwa mwiko. Halafu ondoa mkono. Usikoroge. Hapa ndipo tunapokosea sote, kwa kuwa nyama ya kusaga tumezoea kuikoroga tangu inapoingia sufuriani. Ukikoroga, inamwaga maji yake yote na kuchemka humo, inakuwa ya kijivu, na hakuna kitakachoirudisha.

Dakika nne. Utanusa ile harufu ya kibanda cha mishikaki. Geuza vipande vipande, upande wa chini uwe wa kahawia kweli, si rangi ya chai ya maziwa. Acha dakika mbili tena, ndipo uivunje kwa mwiko, ukiacha vipande vya ukubwa wa kunde na vingine vya harage. Hakikisha hakuna wekundu uliobaki ndani. Nyama ya kusaga haina ile hoja ya steki ya kuliwa ikiwa bado na damu, maana kilichokuwa juu ya nyama kimesagwa kikaingia katikati. Toa, rudia nusu iliyobaki.

Kwenye mafuta yaliyobaki fraipani tia vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo. Vikaange mpaka viwe vya kahawia, kwa moto wa wastani, dakika kumi bila pupa. Tia kijiko cha siki na ukwangue ukoko wa chini, urudishe nyama yote, soya sosi, pilipili manga nyingi, na chumvi. Chumvi ije mwisho, kwa sababu ikitangulia inaivuta nyama itoe maji. Onja kwanza kwani soya sosi nayo ina chumvi.

Viungo viishie hapo. Ukitia tangawizi, kitunguu saumu na giligilani, umepika nyama ya sambusa. Ukitia bizari, umepika kima. Vyote ni vyakula vizuri, siku nyingine.

Zima moto, nyunyizia jibini lililokwaruzwa, funika dakika moja tu liyeyuke. Zaidi ya hapo mfuniko utaanza kutoa jasho juu ya jibini. Jibini lina bei, najua; mwezi ukiwa katikati naliacha, na kila mtu anapata yai la kukaanga lenye kiini kilichoiva kiasi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kupakua

Bakuli pana kuliko refu. Viazi chini, nyama katikati yake tu, isifunike vyote. Majani, nyanya na achari vikae pembeni, kila kimoja upande wake, achari ikiwa imekamuliwa tena. Sosi ipite juu kama uzi, mwisho kabisa, na ufuta juu yake. Bakuli likishatiwa sosi lipelekwe mezani sekunde hiyo hiyo.

Nyumba yenye watu wengi, au ikiwa mnakula chini mkekani, weka yote kwenye sinia kwa mtindo huo huo na sosi katika kibakuli katikati. Mtoto asiyetaka "majani" anajichagulia upande. Kwangu kuna mmoja anayekula viazi na achari tu, miaka miwili sasa, na nimeacha kugombana naye. Babu yake anamega nyama kwa kiazi kama anavyomega kwa tonge, na anaosha mikono mara mbili.

Muda

Kula ikiwa ni saa moja na nusu usiku, achari ianze saa kumi na moja na robo jioni. Viazi vichemshwe saa kumi na mbili kasorobo, vipoe wakati unatengeneza sosi na kukata nyanya. Karai iingie motoni saa kumi na mbili na nusu, na fungu la mwisho la viazi litoke kama saa moja. Nyama ndiyo ya mwisho, nusu saa. Mwenye jiko la plate mbili anaweza kukaanga viazi upande mmoja na vitunguu upande mwingine. Mwenye jiko moja la mkaa amalize viazi kwanza, kisha akishaopoa nyama avipitishe tena kwenye mafuta ya moto dakika moja. Vinarudi kama vipya.

Kiporo

Tenganisha kabla ya kulala: viazi kwenye chombo chao, nyama kwenye chake, ndani ya friji. Majani yaliyokwisha kuguswa na sosi hayana kesho. Mafuta yakipoa yachuje kwa kitambaa, yatakaanga tena mara mbili tatu kama hayakuungua. Asubuhi, viazi kwenye fraipani na mafuta kidogo mpaka vishtuke, nyama juu yake, mayai matatu yaliyopigwa na chumvi, funika, geuza kwa sahani. Hapo tena si baga; ni zege lenye nyama, na linaliwa na chai ya rangi na ile achari iliyobaki.